Usiku kati ya Nairobi na Mombasa: treni ya saa nne, basi la usiku au treni ya mchana?

Kila siku ifikapo saa nne usiku, treni mbili za abiria huanza safari, moja ikitoka Nairobi kuteremka pwani na nyingine ikitoka Mombasa kwenda bara, na zote mbili hufika mwisho wa safari karibu saa kumi alfajiri. Msafiri anayetaka kuutunza mchana wake kwa ajili ya kazi au familia huitazama ratiba hiyo na kuona kwamba amepata jibu: atapanda Syokimau, kwenye stesheni ya Nairobi, alale, aamkie Miritini, kwenye stesheni ya Mombasa. Kisha hukumbuka basi linaloondoka usiku huohuo karibu na mahali anapofanyia kazi, na treni ya asubuhi inayopita Tsavo jua likiwa juu, akabaki na simu mkononi bila kujua akate tikiti ipi. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili yake. Ndege nimeiacha kando kwa makusudi, kwa kuwa anayeimudu kila anaposafiri huwa hana mashaka haya.

Kabla ya kulinganisha, ni vyema tukubaliane tunapima nini. Vigezo nilivyotumia ni sita: saa ya kufika na hali ya mahali unapofikia saa hiyo, usingizi utakaoupata njiani, umbali kati ya mlango wa nyumba na stesheni au kituo cha basi, gharama ya safari nzima, ambayo ni zaidi ya nauli, usalama, na urahisi wa kukata tikiti, kupita kwenye ukaguzi na kubeba mizigo. Kwa maoni yangu kigezo cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho wasafiri wengi hawakifikirii mpaka wawe wamesimama nje ya stesheni gizani. Kwa hiyo nitakaa nacho zaidi.

Saa ya kufika

Reli ya kisasa, ambayo sote tunaiita SGR, ina urefu wa kilomita 472 kati ya Mombasa na Nairobi, na treni za abiria zilianza kazi mwishoni mwa Mei 2017. Kwa kuwa treni hizo zinaweza kufikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa, safari nzima huchukua kati ya saa tano na sita. Mwendo huo ni neema mchana, lakini usiku unaleta tatizo lake, kwa sababu usiku wa msafiri ni mrefu kuliko safari yenyewe.

Waliopanda treni ya zamani wataelewa haraka ninachomaanisha. Reli ile nyembamba, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ilikuwa na treni ya usiku iliyoondoka jioni na kufika asubuhi, pengine jua likiwa limeshapanda sana. Ilikuwa na vyumba vya vitanda, matandiko na behewa la kulia chakula, na taratibu yake yote ilipangwa kwa mtu anayelala. Ilisitishwa mwaka 2017, mwaka uleule SGR ilipoanza. Treni ya sasa ilipokea saa za usiku bila kupokea vitanda, na kwa kuwa ina haraka, inakushusha wakati watu wengi mjini bado wamelala.

Basi linaloondoka saa nne usiku hutumia saa nane hadi kumi, hivyo hufika kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Hapa uchelewefu wa basi unageuka kuwa faida. Matatu zimeanza kazi, mama mandazi yuko kwenye meko, ofisi zinakaribia kufunguliwa na ndugu anayekuja kukupokea hajalazimika kuamka usiku wa manane. Upungufu wake ni kwamba saa hiyo haina uhakika. Lori moja likiharibika mahali pabaya, au msongamano ukianzia Mariakani au Mlolongo, saa nane zinakuwa kumi na mbili, na hakuna wa kumlaumu wala wa kumuuliza.

Treni za mchana ni mbili kila upande. Ya kwanza huondoka saa mbili asubuhi na kufika saa nane mchana au baadaye kidogo, baada ya kusimama katika stesheni zote saba za katikati: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Ya pili huondoka saa tisa alasiri na kufika baada ya saa mbili usiku. Zote zinakufikisha mji ukiwa macho, ila zinakula siku yako. Ya alasiri inakula nusu, na hiyo ndiyo naona haijapewa heshima yake: mtu anaweza kufanya kazi mpaka karibu na adhuhuri, akafika na kulala kitandani usiku uleule.

Yapo mambo mawili ya kuongeza kuhusu saa kumi alfajiri. Hoteli nyingi hupokea wageni kuanzia mchana, kwa hiyo anayefika alfajiri ama analipia usiku ambao hakuulala, ama anakaa sebuleni na begi lake mpaka chumba kipatikane. Kwa upande mwingine, mwenye nyumba au jamaa Mombasa anafika kwake kabla ya swala ya alfajiri, na katika mwezi wa Ramadhani abiria wa treni ya usiku mwenye kwao karibu na Miritini aghalabu huwahi daku nyumbani. Saa ileile inayomtesa mgeni inamfaa mwenyeji.

Usingizi na kiti

Treni ya usiku ya SGR haina vitanda katika daraja la kawaida wala la kwanza. Katika daraja la kawaida viti vimepangwa watatu upande mmoja na wawili upande wa pili, abiria wakitazamana kwenye meza ndogo, na migongo ya viti imesimama wima bila kulala nyuma. Magoti yako yanakaribiana na ya mtu usiyemjua. Ukinyoosha mguu, naye inambidi auvute wake. Anayekaa dirishani huegemeza kichwa kwenye kioo, wa pembeni humlalia jirani yake, na yule wa katikati, katika viti vya watatu, hupata kidogo kuliko wote. Kiyoyozi nacho ni kikali usiku, kwa hiyo leso au shuka ni kitu cha lazima, hata kwa anayetoka kwenye joto la Mombasa. Daraja la kwanza lina viti viwili kila upande na nafasi ya kutosha ya miguu, na mtu aliyechoka anaweza kupata saa nne za usingizi wa kweli humo.

Jambo ambalo treni inalishinda basi kabisa ni utulivu wa mwendo na choo. Behewa halirushwi na matuta wala halipindi ghafla, na unaweza kusimama, kutembea na kwenda msalani wakati wowote. Kwa mzee, kwa mjamzito na kwa mwenye kisukari anayehitaji choo mara kwa mara, hili peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Kiti cha basi zuri hulala nyuma, na kwa hiyo basi linatoa mlalo bora kuliko daraja la kawaida la treni. Usingizi wenyewe hukatwa na matuta, honi na breki. Kisha, kama nusu ya njia, taa zinawashwa na utingo anatangaza Mtito Andei. Watu wanashuka nusu wamelala, wanapanga foleni ya choo, wananunua chai na viazi karai, wanarudi ndani na harufu ya nyama choma kwenye nguo. Wapo wanaoipenda mapumziko hiyo na wapo wanaoiona ni adhabu. Baada yake, choo kinachofuata kiko mbali.

Kwa treni ya mchana suala la usingizi halipo, na wima wa kiti hausumbui sana unapokuwa macho. Mahali pake panachukuliwa na dirisha. Kati ya Emali na Voi unaona nchi ikibadilika kutoka nyasi za Wamasai na Wakamba hadi mibuyu na udongo mwekundu, Kilimanjaro hujitokeza siku isiyo na mawingu, na ndani ya Tsavo reli imeinuliwa ili wanyama wapite chini yake, jambo linalompa abiria mahali pazuri pa kuwatazama ndovu. Mtoto anayesafiri mara ya kwanza asinyimwe safari hii kwa sababu ya kuokoa saa chache.

Kutoka mlangoni hadi mlangoni

Ratiba ya treni huhesabu muda wa stesheni hadi stesheni, na stesheni zote mbili ziko nje ya mji. Ya Nairobi iko Syokimau, karibu kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Ya Mombasa iko Miritini, upande wa bara, mbali na kisiwa. Kutoka jijini Nairobi ipo treni ya kuunganisha inayotoka stesheni kuu ya zamani, nayo inasaidia sana wakati wa mchana. Anayetumia barabara jioni kuwahi treni ya saa nne ajiwekee saa mbili za ziada kwenye barabara ya Mombasa, kwa kuwa hakuna anayemsubiri abiria aliyekwama kwenye foleni ya magari.

Basi linakuja ulipo. Linapakia River Road na mitaa ya jirani, na Mombasa linashusha Mwembe Tayari na kwenye barabara ya Jomo Kenyatta, mahali ambapo matatu ya kila upande iko hatua chache. Mabasi mengine huendelea hadi Kilifi na Malindi bila abiria kubadilisha gari. Kwa mtu wa Mtwapa au Malindi, treni inayomshusha Miritini inamwachia safari ya pili, na kama ni saa kumi alfajiri safari hiyo ya pili ina bei yake.

Hali imegeuka kwa anayekwenda pwani ya kusini. Zamani kila aliyetaka Ukunda au Diani alipita kisiwani na kuvuka Likoni kwa feri. Sasa barabara ya Dongo Kundu inaunganisha Miritini na upande wa kusini bila feri, na kwa hiyo stesheni ambayo watu wa kisiwani huiona iko mbali, kwa mtu wa Kwale iko mahali pake hasa. Vilevile, anayetoka Mombasa kuwahi ndege ya asubuhi katika uwanja wa Jomo Kenyatta hana haja ya kuingia jijini Nairobi, kwani uwanja huo uko jirani na Syokimau. Huyo ndiye abiria ambaye ratiba ya treni ya usiku inamfaa zaidi kuliko mwingine yeyote.

Gharama

Tangu Januari 2024 nauli ya SGR kati ya miji hii miwili imekuwa shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, badala ya 1,000 na 3,000 za awali. Nauli ni moja kwa treni ya mchana na ya usiku, na haipandishwi Desemba wala Pasaka. Nauli ya basi hubadilika kwa kampuni na kwa msimu; siku za kawaida hukaribiana na ile ya daraja la kawaida la treni, chini au juu yake kidogo, na wiki ya Krismasi huweza kupanda mno.

Hesabu ya kweli, hata hivyo, ni ya safari nzima. Teksi ya saa kumi alfajiri kutoka Miritini hadi Nyali, au kutoka Syokimau hadi Kasarani, inaweza kukaribia nauli ya treni yenyewe au kuipita, kwa kuwa matatu ni chache saa hiyo na madereva wanajua. Watu watatu au wanne wakichangia teksi moja, mzigo unapungua. Abiria wa basi na wa treni ya mchana hupanda matatu. Kwa hiyo mtu mmoja anayetafuta unafuu kabla ya kitu kingine atakuta treni ya usiku mara nyingi ndiyo ghali kati ya hizi tatu, ingawa kwenye tikiti haionekani hivyo.

Usalama

Katika kigezo hiki sitajifanya kwamba pande zote ziko sawa. Ajali za barabarani zimeua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka nchini Kenya katika miaka ya karibuni, na barabara ya Nairobi hadi Mombasa hupita malori ya bandarini usiku kucha, sehemu kubwa ikiwa na njia moja tu kila upande. Hatari kubwa gizani ni lori lililoharibika likaachwa barabarani bila taa, na dereva anayelipita gari lingine bila kuona mbali. Mwisho wa Desemba 2017 mabasi ya masafa marefu yalipigwa marufuku kusafiri usiku baada ya ajali mbaya ya eneo la Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na marufuku ile iliondolewa baadaye. Kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa kinasaidia pale kinapofanya kazi na dereva anapopumzika.

Reli imezungushiwa ua na haikatizwi na barabara za magari, na kwa usalama wa njiani treni, iwe ya usiku au ya mchana, iko mbele kwa mbali. Usalama wa treni ya usiku hupungua mara tu unaposhuka, kati ya geti la stesheni na mlango wa nyumba. Mwanamke anayesafiri peke yake na begi kubwa ana haki ya kulipima hilo kwa uzito wake wote, na namshauri asipande treni ya usiku bila kujua kwa jina nani atamchukua. Anayechagua basi naye aangalie kama lina madereva wawili, na kama mkanda wa kiti chake unafungika, kabla ya kulipa.

Tikiti, ukaguzi na mizigo

Tikiti za treni hukatwa kwa simu kupitia *639# au kwenye tovuti, na hulipwa kwa simu. Unapaswa kubeba kitambulisho kilekile ulichotumia kukatia tikiti. Shule zinapofunga, tikiti huisha siku nyingi kabla, hasa za mchana na za Ijumaa usiku. Basi linaweza kukatiwa tikiti jioni ileile, na kwa mtu aliyepigiwa simu ya msiba saa kumi jioni hilo ndilo linalokata shauri.

Ukaguzi wa stesheni ni mrefu. Mabegi hupangwa chini kwa mstari, wenyewe mnasimama kando, mbwa wa kunusa anapitishwa juu yake, kisha kila begi linapita kwenye mtambo, na ndani kuna ukaguzi mwingine. Fika angalau saa moja kabla, na ukiwa na watoto ongeza nusu saa. Pombe na visu havipiti, kwa hiyo fundi au mpishi mwenye vifaa vyake vya kazi ajue mapema. Mizigo utaibeba mwenyewe na kuipandisha kwenye rafu juu ya kiti, jambo ambalo ni zito kwa mzee aliye peke yake.

Basi lina buti. Mfanyabiashara mwenye marobota ya mitumba, au mama anayepeleka gunia la maembe na ndoo ya samaki wa kukaanga bara, hulipia kidogo zaidi na kuona mzigo wake ukipakiwa. Kwa watu hawa treni ya abiria haijawa mshindani wa basi.

Uchague ipi, kulingana na hali yako

Ukiwa mwenyeji wa Mombasa au Nairobi, una mtu wa kukupokea, na una kazi kabla na baada ya safari, kata treni ya usiku. Lipa daraja la kwanza kama utahitajika kufikiri vizuri asubuhi hiyo. Kama utalala mpaka saa tano nyumbani kwako, daraja la kawaida linatosha. Wanaokwenda Diani kwa kikundi, na wanaowahi ndege Nairobi, nao wako hapa.

Ukiwa unakwenda Kilifi, Malindi au katikati ya mji kwa matatu, una mzigo wa biashara, au safari imekujia ghafla, basi la usiku ndilo litakalokufaa, mradi uwe tayari kuchagua kampuni kwa hali ya magari na madereva wake kabla ya kuangalia punguzo la nauli.

Ukiwa na watoto, wazazi wazee, chumba cha hoteli kinachofunguliwa mchana, au unashuka Voi, Kibwezi au stesheni nyingine ya katikati, panda treni ya saa mbili asubuhi. Ukiwa na kazi ya nusu siku na hupendi kufika alfajiri, ya saa tisa alasiri itakuweka nyumbani usiku uleule.

Na kama bado umesimama kati ya treni ya usiku na basi, nauli zikiwa karibu sawa, mpigie simu sasa hivi mtu unayekwenda kwake umuulize kama anaweza kukufungulia mlango saa kumi na moja alfajiri. Akikubali bila kusita, panda treni. Akisita, panda basi, au sogeza safari hadi treni ya kesho asubuhi.